Gari la California: maana yake kwa anayenunua gari lililotumika

Mtu akifika Marekani na kuanza kutafuta gari la kwanza, mapema au baadaye ataulizwa swali hili, dukani kwa vipuri au gereji: gari lako ni la California au la shirikisho? Wengi hujibu kwa kutaja jimbo waliponunulia. Sivyo. Swali halihusu gari limeuzwa wapi wala lina plati ya wapi. Linahusu moshi.

Gari la California ni lile lililotoka kiwandani likiwa limethibitishwa kutimiza viwango vya moshi vya jimbo la California, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa vikali kuliko vya nchi nzima. Gari la shirikisho limethibitishwa kwa viwango vya kitaifa peke yake, ndiyo maana wauza vipuri huliita la majimbo 49. Lipo na la tatu, lililothibitishwa kwa pande zote mbili, la majimbo 50.

Kwa nini jimbo moja liwe na sheria yake? Los Angeles imekaa kwenye bonde, milima nyuma na bahari mbele, na hewa ya joto hutanda juu yake kama kifuniko cha sufuria. Julai 1943 mji ulifunikwa na ukungu mchafu uliochoma macho, hadi wapo waliodhani wameshambuliwa na Wajapani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule hutengenezwa na jua linapopiga moshi wa magari na mvuke wa mafuta. California ikaanza kudhibiti moshi wa magari kabla ya serikali kuu, ikaunda bodi yake ya hewa, CARB, mwaka 1967. Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya nchi nzima, likaiachia California nafasi ya kuomba ruhusa ya kwenda mbele zaidi. Mwaka 1977 majimbo mengine yakaruhusiwa kufuata viwango vya California, lakini kama vilivyo, bila kubuni vya kwao. Ndiyo maana leo unakuta New York, Massachusetts, Maine, Oregon au Washington zikitajwa pamoja na California mtu akizungumzia magari.

Basi unajuaje gari unalolitazama ni la kundi gani? Fungua boneti. Chini yake, au karibu na rejeta, kuna stika yenye habari za mfumo wa moshi. Isome polepole. Kama imetaja EPA, wakala wa mazingira wa serikali kuu, peke yake, gari ni la shirikisho. Ikitaja na California, gari limethibitishwa huko pia. Kwenye stika hiyo hiyo kuna mfululizo wa herufi na tarakimu 12 unaotambulisha kundi la injini, na alama ya kwanza huonyesha mwaka wa modeli. Ipige picha. Siku fundi atakapohitaji kuagiza kipuri cha ekzosi, picha hiyo itamsaidia kuliko kadi ya gari. Na kama stika imebanduliwa, uliza kwa nini kabla ya kuuliza bei.

Niondoe hofu moja ya zamani. Wapo wanaoamini gari la California halina nguvu. Miaka ya 1970 palikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu injini zilibanwa ili zipunguze moshi kabla teknolojia haijakomaa. Siku hizi hapana. Tena kuanzia modeli za 2017 viwango vya kitaifa vilisogezwa karibu sana na vya California, na magari mengi ya petroli huuzwa kama ya majimbo 50. Tofauti ninayoizungumzia hapa inamgusa zaidi anayenunua gari la kabla ya hapo, na ndiyo magari ambayo wengi wetu tunayamudu.

Pesa zenyewe ziko kwenye masega. Ndani ya ekzosi kuna kile chombo chenye vitundu kama sega la nyuki, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, kinachogeuza gesi zenye sumu kabla hazijatoka nje. Masega hayo yakifa, lazima yabadilishwe, na hapo bei zinaachana. Masega yasiyo ya kampuni iliyounda gari, yanayokubalika na CARB, lazima yadhaminiwe kufanya kazi miaka 5 au maili 50,000, ilhali yale ya kiwango cha EPA hudhaminiwa kufanya kazi maili 25,000. Ya CARB yana madini zaidi, na bei yake huweza kuzidi mara mbili au tatu. Utayatambua kwa namba ya kibali iliyogongwa kwenye bati lake, pamoja na tarehe ya kutengenezwa na mshale wa upande moshi unakoelekea. Ukiwa California, fundi haruhusiwi kukufungia masega yasiyo na namba hiyo, hata umbembeleze vipi. New York na Maine nazo zina masharti ya namna hiyo. Kwa hiyo gari la bei poa lenye masega yaliyochoka si la bei poa kwa mtu anayeishi huko. Jumlisha bei ya masega kwanza.

Dhamana nayo hubadilika barabarani. Sheria ya shirikisho inaidhamini kompyuta ya injini na masega ya gari jipya kwa miaka 8 au maili 80,000. Magari fulani safi zaidi ya California, yaliyoitwa PZEV, yalipewa dhamana ya miaka 15 au maili 150,000 kwenye mfumo wa moshi. Dhamana hiyo ndefu kwa kawaida hufuata usajili. Ukilihamishia gari jimbo lisilofuata viwango vya California, unarudi kwenye ile fupi.

Kulinunua gari la California ukiwa jimbo lenye sheria nyepesi hakukatazwi popote, na lina faida yake: la kusini mwa jimbo hilo halijawahi kuonja chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, kwa hiyo chini halijaliwa na kutu. Kizuizi kiko upande wa pili. Gari la shirikisho lenye maili chini ya 7,500 huhesabiwa jipya, na kwa kawaida mkazi wa California hawezi kulisajili.

Lakini usidhani gari ni zima kwa sababu tu limetoka kwenye sheria kali. California ina kipimo cha moshi cha kila miaka miwili tangu 1984, na gari likiuzwa humo, kwa kawaida muuzaji ndiye anayewajibika kutoa cheti. Lililofeli, ambalo matengenezo yake yamepita thamani yake, rahisi kuliuza mbali. Columbus, Ohio, kwa mfano, hakuna kipimo cha moshi. Katika jimbo hilo kimebaki kwenye kaunti 7 za upande wa Cleveland na Akron. Gari lililokataliwa pwani ya magharibi hupata plati Columbus bila kuulizwa.

Ndugu yangu mmoja alikwenda kuangalia sedani ya 2009 mjini humo. Bodi safi, taa ya cheki injini imezimika. Akachomeka skana ndogo ya kusomea kompyuta ya gari, ya dola 20 hivi, kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Kosa halikuonekana hata moja, ila orodha ya vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe ilionyesha masega hayajapimwa, sensa za oksijeni hazijapimwa, mvuke wa tangi haujapimwa. Gari linalotembea kila siku haliko hivyo. Hutokea hivyo kumbukumbu ya makosa ikifutwa au betri ikichomolewa karibuni. Akaomba waliendeshe pamoja kwa siku mbili ili vipimo hivyo vikamilike. Muuzaji akasema ana mteja mwingine anasubiri. Ndugu yangu, akiwa amesimama pale pale, akaingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya ofisi ya California inayosimamia vipimo, ambako mtu yeyote husoma historia bure. Gari lilikuwa limefeli mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na baada ya hapo hakuna kipimo kingine. Akachomoa skana, akamrudishia ufunguo.