Kubisha: jinsi mashua ya tanga inavyokwenda kule upepo unakotoka

Kubisha ni kuipeleka mashua ya tanga upande ule ule upepo unakotoka, kwa kwenda upogoupogo: mara unaupokea upepo kwa ubavu wa kulia, mara kwa ubavu wa kushoto, kidogo kidogo mpaka ufike. Njia ya mkato haipo. Ukielekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, moja kwa moja kwenye upepo, tanga linapigapiga bila kushika kitu, mashua inasimama, kisha inaanza kurudi nyuma. Mashua nyingi za kutembelea huanza kwenda zikiwa zimeelekea kama nyuzi 45 kutoka kwenye upepo. Kwa hiyo mbele yako daima kuna kabari ya nyuzi 90 isiyopitika, na mahali popote palipo ndani ya kabari hiyo panafikiwa kwa kubisha tu.

Mwenye mwezi mzima wa kukaa baharini anaweza kungoja upepo ugeuke. Mwenye Jumamosi na Jumapili hana nafasi hiyo. Jumamosi anang'oa nanga upepo ukiwa tezini, yaani nyuma ya mashua, mashua inakwenda wima, chai haimwagiki, na kila aliyemo anaona mambo yamenyooka. Jumapili upepo ni ule ule na njia ni ile ile, ila sasa ni kurudi. Ndiyo maana naona anayeanza kusafiri na mashua ndogo ya zamani afundishwe dhana hii mapema, hata kabla ya kufundishwa mafundo ya kamba. Inagusa saa ya kuondoka, akiba ya maji ya kunywa, na kama Jumatatu asubuhi atakuwa kazini au la.

Inawezekanaje hasa chombo kisogee kuelekea kitu kinachokisukuma? Tanga lililokazwa vizuri linapitiwa na upepo pande zote mbili, nalo lina mbinuko. Hewa inayopita upande wa nje wa mbinuko huenda kasi zaidi, shinikizo lake hupungua, na tanga linavutwa upande huo, sawa na bawa la ndege linavyovutwa juu. Nguvu inayozaliwa huelekea zaidi ubavuni; ni sehemu ndogo tu inayoelekea mbele. Chini ya maji kuna mkuku, ule uti wa chini wa mashua, na kazi yake kubwa hapa ni kukataa kwenda ubavuni. Ule msukumo wa ubavuni ukishakataliwa, kinachobaki ni ule mdogo wa mbele, na huo ndio unaokufikisha. Lakini mkuku haukatai kabisa. Kila mashua inayobisha huteleza kidogo kuelekea demanini, yaani upande upepo unakokwenda, na ikilala sana huteleza zaidi, kwa kuwa mkuku uliolala hauyashiki maji vizuri.

Tufanye hesabu. Chukua bandari mbili zilizo umbali wa maili 12 za bahari, kila maili ikiwa mita 1,852. Jumamosi, upepo nyuma, mashua inakwenda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa: unafika baada ya saa mbili na dakika 24. Jumapili inabisha kwa noti 4. Kama inaweza kushika nyuzi 45 bila kuteleza, njia inarefuka hadi karibu maili 17, na muda ni saa nne na robo. Hiyo ni mashua nzuri yenye matanga mapya. Sasa chukua ya zamani, matanga yamelegea, inashika nyuzi 52, na kuteleza kunaongeza nyuzi 8. Jumla ni nyuzi 60, na kwa nyuzi 60 kila maili unayokwenda inakusogeza nusu maili tu kuelekea nyumbani. Zile maili 12 zimekuwa 24, na muda ni saa sita. Ukikutana na mkondo wa noti 1 unaokupinga njia nzima, ile noti 2 uliyokuwa unasogea inabaki 1, na safari inakuwa ya saa 12. Tofauti hiyo yote imetokana na nyuzi chache na mkondo ambao macho hayauoni.

Jambo la pili linalowashangaza wageni ni kwamba Jumapili upepo huonekana umekuwa mkali kumbe haujabadilika. Ukiwa unakwenda nao, mwendo wako unatolewa kwenye kasi ya upepo: upepo wa noti 12, mashua noti 5, shavuni unasikia noti 7. Ukibisha, mwendo wako unajiongeza kwenye upepo: noti zile zile 12, mashua noti 4 kwa nyuzi 45, na unaopiga tanga ni kama noti 15. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo tanga linabeba zaidi ya mara nne ya mzigo wa jana. Mashua inalala, mawimbi yanapigwa kwa omo, maji yanarukia sitaha, na chochote ambacho hakikufungwa chumbani kiko sakafuni. Ndiyo sababu nasisitiza uamuzi wa kupunguza tanga ufanyike kabla ya kutoka bandarini, wakati mikono ni mikavu na hakuna anayetapika.

Kugeuza ubavu ndiko kiini cha kubisha, na ni kazi ya sekunde kumi ambayo inafaa kuitazama kwa karibu. Mshika usukani anaangalia nyuma na pembeni kama njia ni nyeupe, anatangaza kwamba anageuza, na anangoja aitikiwe. Kisha anaisukuma kana, mkono wa usukani, kuelekea upande lilipo tanga: taratibu mwanzoni, halafu kwa uhakika. Omo inazunguka kuelekea upepo. Tanga la mbele linaanza kutetemeka kwenye ukingo wake. Hapo anayeshika demani ya zamani, ile kamba inayolikaza tanga, anaiachia yote. Watu wanainamisha vichwa, mti wa chini wa tanga kuu unapita juu yao. Upande wa pili mwenzake anavuta demani mpya mkono kwa mkono kwa haraka, kwa sababu kabla tanga halijajaa linavutwa kwa mikono mitupu, na likishajaa ni winchi na jasho. Mshika usukani anairudisha kana katikati na anaiacha mashua ishike kasi kidogo kabla ya kuibana tena kwenye upepo.

Ukiisukuma kana kwa pupa, usukani unageuka breki na mashua inafika katikati ikiwa imechoka. Hapo inanasa: omo kwenye upepo, matanga yanapiga kelele, usukani hauitiki kwa sababu hauna maji yanayoupita. Dawa yake ni kulivuta tanga la mbele upande wa joshini, upande upepo unakotoka, ili lisukume omo pembeni. Mashua ikianza kurudi nyuma, usukani nao unafanya kazi kinyume.

Mashua za zamani hunasa zaidi, na si kwa sababu zilijengwa vibaya. Folkboat, iliyochorwa mwaka 1942 kwa ajili ya watu wa kawaida wa Skandinavia, ina urefu wa mita 7.64, mkuku mrefu uliofuata tumbo la mashua, na tanga la mita za mraba 24. Mkuku huo unaifanya itulie kwenye njia yake hata ukiachia kana kwa muda, na utulivu huo huo ndio unaoifanya igeuke polepole. Inabidi uingie kwenye mgeuzo ukiwa na kasi na uchague mahali ambapo wimbi limelala. Na inabisha kweli. Mwaka 1960, katika mbio za mtu mmoja mmoja kutoka Plymouth hadi New York, njia ambayo pepo zake kwa kawaida hutoka mbele, Blondie Hasler alivuka Atlantiki kwa Folkboat aliyoibadilisha tanga, akamaliza wa pili kwa siku 48. Aliyeshinda, Francis Chichester, alitumia siku 40 kwa mashua ya karibu mita 12.

Kinachoziangusha mashua kuukuu ni matunzo. Tanga lililochakaa hufanya tumbo, na tumbo hilo husogea nyuma ya kitambaa. Basi nguvu inayolaza mashua inaongezeka na inayoipeleka mbele inapungua. Waya wa mbele wa mlingoti ukilegea, tanga la mbele linabonyea kuelekea demanini na unapoteza nyuzi kadhaa. Chaza na mwani chini ya maji hula mwendo. Mwenye fedha kidogo akiniuliza aanze wapi, ningemwambia asafishe tumbo la mashua kwanza, kisha akaze waya, ndipo afikirie tanga jipya.

Kosa la kawaida la mshika usukani ni tamaa. Anaona bandari pale, anaibana mashua nyuzi mbili zaidi kuelekea upepo, na mwendo unakufa bila yeye kujua. Mashua isiyo na mwendo huteleza sana. Vipande vya uzi vilivyobandikwa pande zote mbili za tanga la mbele vinasaidia kuliko kifaa chochote. Uzi wa upande wa joshini ukirukaruka, umebana mno, geuza omo kidogo mbali na upepo. Ukirukaruka wa demanini, unaweza kupanda zaidi kuelekea upepo. Ikiwa njia mbili, ya ubavu wa kulia na ya ubavu wa kushoto, hazilingani, anza na ile ndefu inayokuelekeza karibu zaidi na unakokwenda, maana upepo ukigeuka baadaye utakuwa umeshapata sehemu kubwa ya safari. Na kila upepo unapokusukuma mbali na bandari yako, huo ndio wakati wa kugeuza.

Kubisha kunabadilisha pia nani anampisha nani. Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini, mashua mbili za tanga zikikutana zikiwa na upepo wa ubavu tofauti, inayoupokea upepo kwa ubavu wa kushoto ndiyo inayopisha. Zikiwa na ubavu mmoja, ya joshini inaipisha ya demanini. Kila unapogeuza, basi, wajibu wako unaweza kuwa umegeuka nawe.

Ikishindikana, kuna injini, na ni vyema saa ya kuiwasha ipangwe asubuhi, si jioni wakati kila mtu amechoka. Usiielekeze mashua puani mwa upepo hata hivyo; kwenye mawimbi mafupi injini ndogo ya kuning'iniza nyuma hutoka majini na kuzunguka bure. Acha tanga kuu likiwa limekazwa, shika nyuzi 25 au 30 kutoka kwenye upepo, na mashua itatulia na kusogea. Kumbuka tu kwamba tangu injini ianze kuisukuma, kanuni hizo hizo zinakuhesabu chombo cha injini hata kama tanga liko juu: mchana unatakiwa kutundika mbele alama nyeusi yenye umbo la pia (koni), ncha ikitazama chini, na mashua yoyote inayokwenda kwa tanga pekee unaipisha wewe.