Patricio Guzmán na mikanda iliyovuka bahari

Zinapozungumziwa filamu za hali halisi zenye msimamo wa kisiasa, sifa nyingi huenda kwa ujasiri wa mwongozaji. Anastahili. Lakini kwa sisi ambao kazi yetu ni kuhifadhi filamu, maisha ya Patricio Guzmán wa Chile yana somo kubwa zaidi katika mambo yasiyosifiwa sana: kuamua mapema nini kipigwe picha, na kuhakikisha kilichopigwa hakipotei.

Guzmán alizaliwa Santiago mwaka 1941, akasomea filamu Madrid na kurudi nyumbani mwaka 1971. Madarakani alikuwapo Salvador Allende, msoshalisti aliyeshinda uchaguzi wa Septemba 1970. Migodi mikubwa ya shaba ilikuwa ikitaifishwa, na mashamba ya mabwanyenye yakigawiwa wakulima. Guzmán akaingia mitaani na viwandani na kutengeneza El primer año, yaani Mwaka wa Kwanza. Mtengenezaji filamu Mfaransa, Chris Marker, aliiona, akaipenda, akahakikisha inaonyeshwa Ufaransa. Bila urafiki huo, kazi kubwa iliyofuata huenda isingekuwepo.

Kufikia mwisho wa 1972 nchi ilikuwa imebanwa. Wenye malori walikuwa wamegoma, bidhaa zimeadimika, na filamu mbichi za kupigia picha hazipatikani. Guzmán akamwandikia Marker, naye akamtumia shehena ya filamu nyeusi na nyeupe za milimita 16. Kwa akiba ile, kikundi cha watu watano wenye kamera moja hakingeweza kukimbilia kila maandamano. Wakabandika ukutani mpango wao: nani anashika viwanda, nani anadhibiti usambazaji wa chakula, bunge linafanya nini, jeshi linaelekea wapi. Kando yake waliorodhesha walichokwisha kupiga, na hivyo pengo likaonekana. Vijana wengi wanaoniuliza waanzeje huniuliza kuhusu kamera. Mimi huwaelekeza kwenye ukuta ule.

Filamu iliyotokana na kazi hiyo ni La batalla de Chile, Mapambano ya Chile, yenye sehemu tatu. Guzmán hafichi kwamba yuko upande wa Allende. Hata hivyo, sehemu ya kwanza inapofuatilia uchaguzi wa bunge wa Machi 1973, wapinzani wa serikali wanasema kwa vinywa vyao wenyewe, kwa hasira yao na kwa hoja zao. Kwangu mimi hapo ndipo filamu yenye msimamo inapotengana na propaganda: mpinzani ana uso, na anaachiwa amalize sentensi yake.

Mfano mzuri zaidi ni mazishi ya Kapteni Arturo Araya, mpambe wa Allende kutoka jeshi la majini, aliyeuawa Julai 1973. Mpigapicha Jorge Müller Silva habaki na jeneza. Anaipitisha kamera polepole kwenye nyuso za maofisa waliohudhuria, uso mmoja baada ya mwingine, akikaa kwa kila mmoja muda mrefu kuliko adabu ya msiba inavyoruhusu. Msimulizi hahitaji kueleza mengi, kwa sababu mtazamaji anajua kwamba wiki chache baadaye jeshi litaipindua serikali.

Sehemu ya kwanza inamalizika kwa picha ambazo kikundi hicho hakikuzipiga. Tarehe 29 Juni 1973, kikosi cha vifaru kilipojaribu kuiangusha serikali, mpigapicha wa Argentina Leonardo Henrichsen alikuwa mtaani akirekodi. Askari mmoja anamwelekezea bastola na kufyatua, kamera inayumba, picha inakatika. Henrichsen alirekodi kifo chake mwenyewe.

Jaribio hilo lilishindwa. La tarehe 11 Septemba likafaulu. Ikulu ya La Moneda ilipigwa mabomu na Allende akafia humo. Guzmán alikamatwa na kuzuiliwa kwa takriban wiki mbili katika Uwanja wa Taifa, uliogeuzwa gereza. Mikanda ilikuwa imefichwa kwa ndugu mmoja mzee wa familia yake. Kutoka hapo ilifikishwa ubalozi wa Uswidi, ikapakiwa melini na kupelekwa Stockholm. Guzmán aliikuta Ulaya, kisha akaenda nayo Cuba, ambako taasisi ya filamu ya ICAIC ilimpa chumba cha kuhariria. Yeye na mhariri Pedro Chaskel walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na sehemu tatu zikatoka kati ya 1975 na 1979.

Müller Silva hakutoka Chile. Novemba 1974 polisi wa siri walimkamata pamoja na mwigizaji Carmen Bueno, na wote wawili wakatoweshwa. Leo tarehe 29 Novemba ni Siku ya Filamu ya Chile, kwa kumbukumbu yao.

Utawala wa Jenerali Augusto Pinochet, aliyeongoza mapinduzi hayo, uliacha zaidi ya watu 3,000 waliouawa au kutoweshwa, na ulidumu hadi 1990. Guzmán alirudi na filamu yake ile ya zamani, akawaonyesha wanafunzi waliokuwa wamekua bila kuiona. Katika filamu ya Chile, la memoria obstinada ya 1997, baadhi yao wanatetea mapinduzi. Wengine wanalia hadi kushindwa kusema. Mwaka huohuo alianzisha tamasha la filamu za hali halisi mjini Santiago, FIDOCS.

Baadaye mtindo wake ulitulia na kuwa wa tafakuri. Nostalgia de la luz ya 2010 iko katika jangwa la Atacama, ambako wanaastronomia wanachunguza mwanga uliosafiri miaka mingi, na wanawake wenye sepetu ndogo wanachimba wakitafuta mifupa ya ndugu zao. Mwaka 2015 El botón de nácar ilipata tuzo ya mswada bora Berlin.

Ilichukua hadi 2021 kwa La batalla de Chile kurushwa kwenye televisheni ya kawaida nchini humo. Ukitaka kumfahamu Guzmán, usianze na Atacama, ingawa ndiyo filamu inayopendekezwa mara nyingi. Anza na sehemu ya kwanza ya Mapambano, kisha nenda kwa wale wanafunzi wa 1997. Ukifika jangwani utakuwa unajua wanawake wale wanamtafuta nani.