Kubadilisha rodi ndiko kunakorusha mafundi

Mvua zikianza, karakana yangu hapa Katwe, Kampala, hujaa mashine za kuchomelea zenye lalamiko moja: "Fundi, inarusha," yaani inapiga shoti. Mimi huuliza kwanza: ilikurusha ukichoma, au ukibadilisha rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka? Wengi husema ukibadilisha.

Si ajabu. Soketi ina volti 240, transfoma inazishusha. Rodi ikiwa inawaka, kati yake na chuma mna volti 20 hadi 30 hivi. Moto ukikatika, zinapanda hadi kati ya 50 na 80, na hapo ndipo fundi huona mashine imenyamaza, akavua glavu.

Ukiwa mkavu huenda usihisi kitu. Lakini tazama fundi saa nane mchana: glavu imelowa jasho, shati limegandia mgongoni, amekalia geti lilelile analochomelea. Anashika rodi mpya kwa mkono mtupu, umeme unapita mkononi, kifuani, unatokea makalioni. Miliampea 10 tu zaweza kukaza misuli usiweze kuachia.

Kwa hiyo mimi nina glavu jozi mbili. Moja inafanya kazi, nyingine inaanikwa. Chini naweka ubao mkavu. Holda, kile kishikio cha rodi, siibani kwapani, hata kama nataka kurekebisha kioo cha uso kwa sekunde moja tu.

Kuna wanaoniambia, "Nimefunga kikata umeme cha miliampea 30," kile kinachozima umeme ukivuja. Vizuri, ila hicho kinalinda upande wa soketi. Umeme wa holda unarudi kwenye transfoma kupitia klampu, ile inayobana chuma unachochomelea. Ukipita mwilini mwako, kikata umeme hakina habari.

Mashine zetu za kusukwa hapahapa nazipenda, ndizo zilizonifundisha kazi. Udhaifu wake ni vanishi inayofunika waya za koili: ikiungua, volti 240 zinaweza kufika kwenye bodi ya mashine, hata kwenye holda. Hapo kikata umeme na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, vina kazi. Lakini mtu amechomeka nyaya mbili tupu kwenye soketi, kazibana kwa njiti za kiberiti, ethi inaning'inia! Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikiwa mwanafunzi, na bodi ilinirusha hadi kwenye rundo la mabati.

Ukiweza, nunua inveta ya DC, mashine ya kielektroniki ya umeme wa mkondo mmoja, yenye kifaa cha kupunguza volti moto unapokatika. Na kama unakwenda kuchomelea ndani ya tangi, usije kuniazima mashine ya AC, hizi za transfoma. Sitoi.