Watafiti wa ndege Uganda: yanayosemwa kijijini na yaliyo kweli

Uganda si nchi kubwa, lakini ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Ukitazama ramani utaelewa kwa nini: misitu ya Kongo inavuka mpaka na kuingia Bundibugyo, nyika kavu za mashariki zinafika Karamoja, na katikati kuna Rwenzori, Elgon, maziwa na vinamasi kila upande. Ndege wa sehemu zote hizo wanakutana hapa, na watafiti nao hawaishi kuja. Wakija, maneno hayakosi. Mengine husemwa na wanakijiji, mengine na wanafunzi wa chuo wanaoingia msituni kwa mara ya kwanza. Kazi hii naipenda mno kiasi kwamba siwezi kuyaacha yapite hivi hivi.

“Hawa hawatafuti ndege, wanapima ardhi yetu”

Hili ndilo zito kuliko yote. Mgeni anatokea alfajiri, darubini shingoni, GPS mkononi, anafunga utepe wa rangi kwenye miti kila baada ya hatua kadhaa. Mwenye shamba la kakao kando ya msitu afikirie nini? Sababu ya kushuku anayo. Mwaka 1991 Bwindi, Mgahinga na Rwenzori zilifanywa hifadhi za taifa, na 1993 zikafuata Kibale, Semuliki na Mlima Elgon. Watu walipoteza mahali pa kuokota kuni, kutundika mizinga na kuchimba dawa. Batwa wa Bwindi na Mgahinga walitolewa kabisa katika misitu waliyoishi tangu enzi za mababu zao. Mwenye kumbukumbu hiyo akishuku mtu mwenye vipimo, si haki kumwita mjinga.

Ukweli ni kwamba mtafiti halali hana uwezo wowote juu ya shamba la mtu. Lazima apate kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, awe Mganda au mgeni. Akitaka kuingia hifadhini, anaomba ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA. Kwenye misitu ya akiba ya serikali kuu anakwenda kwa NFA, mamlaka ya misitu ya taifa. Baada ya hapo anajitambulisha wilayani, na mwisho kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Karatasi hizo zote zinasema anatafiti nini, wapi na mpaka lini. Akipita shambani kwako, mwombe akuonyeshe, wala hutakuwa umemkosea adabu.

Lakini karatasi hazimalizi shaka. Kule Bundibugyo, mtafiti aliyetoka Makerere huenda hajui Lubwisi wala Lukonzo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha yeye, wazee, askari na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo. Mazungumzo hayo yachukue muda wake. Darubini izungushwe, kila mtu atazame. Halafu litakuja swali ambalo wazee hawakosi kuuliza: “Na hayo mnayoandika yanakwenda wapi?” Ni swali la haki kabisa, na watafiti wengi hawalijibu vizuri. Wanaandika, wanaondoka, na kijiji hakisikii tena habari zao. Kwa maoni yangu, ripoti fupi ikirudi kwa mwenyekiti katika lugha inayosomeka hapo, mgeni atakayefuata atapokewa kwa moyo mwingine.

“Msitu wa kitropiki umejaa ndege, ni kufungua macho tu”

Wanaokuja na wazo hili huvunjika moyo mapema. Sehemu kubwa ya msitu wa Semuliki ni muhimbi, mti mrefu wa mbao ngumu, na chini yake mwanga ni hafifu hata adhuhuri. Unaweza kutembea saa nzima na macho yako yasipate zaidi ya kivuli kinachoruka. Ndege wapo, ila wako juu sana au ndani ya majani, na hujulikana kwa sauti.

Kwa hiyo kazi hii ni ya masikio kwanza. Mtafiti anasimama mahali pamoja, ananyamaza, na kuandika kila aliyesikika ndani ya muda uliowekwa. Njia moja iliyotumika sana Uganda, na ambayo Profesa Derek Pomeroy wa Makerere alisaidia kuibuni, hugawa saa moja katika vipindi sita vya dakika 10. Ndege aliyetokea kipindi cha kwanza hupewa alama 6, cha pili 5, mpaka cha mwisho 1. Saa kama hizo zikirudiwa mara nyingi mahali palepale, wastani wa alama unaonyesha nani wa kawaida na nani adimu, bila haja ya kuhesabu kila ndege mmoja mmoja. Saa iliyopita kimya nayo inaandikwa. Anayeiruka kwa sababu “hakukuwa na kitu” ameharibu hesabu yote.

Anayejua sauti hizo mara nyingi ni msaidizi wa hapo kijijini. Wengi humdhania mbeba mizigo, kumbe ndiye anayetofautisha shore wa aina nne, wote rangi ya kijani-kahawia, kabla mgeni hajatoa kinasa sauti mfukoni. Jina lake lingepaswa kuonekana kwenye utafiti uliochapishwa, na bado mara nyingi halionekani.

Nafuu hutokea siafu wakipita. Jeshi la siafu likisambaa kwenye majani makavu, panzi, mende na buibui hukimbia hovyo, na kuna ndege wa chini ya msitu wanaolifuata ili kuwadaka wanaokimbia. Ghafla pale palipokuwa kimya panakuwa na aina tano au sita, tena karibu. Chomeka suruali ndani ya soksi, simama pembeni ya safu, na uandike upesi.

Kuwachezea ndege sauti zao kwa simu ili watokee si mkato usio na madhara. Dume huacha kula na kulisha makinda ili kumfukuza mpinzani ambaye hayupo. Mahali pamoja, siku baada ya siku, hilo ni usumbufu mkubwa.

“Nyavu na pete zinawaua”

Anayeona ndege akining’inia kwenye wavu mara ya kwanza lazima ashtuke, na huruma yake ni nzuri. Basi aitazame kazi yenyewe. Wavu ni wa nyuzi nyembamba mno, meta kadhaa kwa urefu, umesimamishwa kati ya fito mbili na una mikunjo kama mifuko inayolala. Unafunguliwa kukipambazuka. Kila baada ya dakika 20 au 30, au mapema zaidi, mtu anaupitia wote. Mvua ikianza, au jua likiwa kali, unafungwa.

Katika misitu ya magharibi ya Uganda, mgeni wa kila siku wavuni ni shore mdogo mwenye sharubu za njano. Mtoaji huangalia kwanza ndege aliingilia upande gani, hufungua miguu, kisha bawa moja, kisha la pili, na kichwa mwisho. Ndege hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, humo gizani hutulia. Anapimwa uzito na urefu wa bawa. Mpimaji anapuliza manyoya ya tumboni taratibu: ngozi ikiwa tupu, imevimba na ina mishipa, ndege huyo anaatamia mayai. Anaangalia pia manyoya gani ya bawa ni mapya. Pete ya alumini yenye namba hufungwa mguuni, ikiwa nyepesi na yenye nafasi ya kuzunguka, kisha ndege anaachiwa. Damu ikihitajika ni tone tu, chini ya asilimia 1 ya uzito wake.

Ajali zinaweza kutokea, na asemaye hazipo asiaminiwe. Siafu wanaweza kupanda fito na kumfikia ndege kwenye mkunjo wa chini. Mkono usiozoea unaweza kuvunja mguu. Ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kuvisha pete kabla ya kufundishwa kwa muda mrefu na mwenye uzoefu. Pete yenyewe haina dhahabu wala kifaa cha kupeleleza. Ni namba tu, na namba hiyo ndiyo iliyotufundisha kwamba ndege wadogo wa misitu ya tropiki huishi miaka mingi kuliko wenzao wengi wa nchi za baridi.

Ya haraka haraka

Ukigusa kinda, mama hatalisusa kwa ajili ya harufu yako. Shida ni kwamba kurudi kiotani kila mara huonyesha njia kwa nyoka na nyani. Bundi akilia juu ya paa, hatangazi msiba. Anawinda panya wanaokula mahindi yako. Na kiangazi si lazima kiwe msimu bora wa utafiti: barabara ni nzuri, ni kweli, lakini ndege wengi huzaliana kufuatana na mvua, kwa hiyo anayeikwepa mvua anakosa nusu ya habari.

“Ni kazi ya Wazungu, tena ya wanaume”

Profesa Christine Dranzoa, aliyefariki 2022, alikuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Muni kule Arua. Kabla ya hapo alikuwa mtafiti wa ndege. Alifanya kazi Kibale, akilinganisha ndege wa sehemu zilizokatwa mbao na zile zisizoguswa, zaidi ya miaka 20 baada ya misumeno kuondoka. Binti wa West Nile, msituni, na wavu na daftari. Kituo cha Makerere pale Kanyawara, Kibale, na kile cha Ruhija ndani ya Bwindi, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mbarara, vimefundisha Waganda wengi, wanawake na wanaume. Msichana wa Fort Portal anayependa ndege asiambiwe kwamba hii si kazi yake.

“Ndege wa maana wako hifadhini”

Mnana pekee anayepatikana Uganda tu, duniani kote, yuko kwenye vinamasi vya upande wa Teso, mahali watu wanapochunga na kulima. Korongo wetu wa bendera hutaga kwenye vinamasi vya vijijini, na tangu 2012 amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, kwa sababu vinamasi hivyo vinakaushwa. Kampala yenyewe ina makalooli, yaani korongo marabu, wanaojenga viota juu ya miti ya mjini, na watafiti wamewahesabu kwa miaka mingi.

Pale kwenye kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, wavuvi waliamini kwamba ukikutana na bulwe, yule ndege mkubwa mwenye domo kama kiatu, siku hiyo hupati samaki. Wengine walimuua. Ukweli ni kwamba bulwe anafuata kamongo kama wavuvi wenyewe, hivyo wote walikuwa wakitafuta riziki kwenye maji yaleyale. Leo baadhi ya wavuvi hao wanapiga makasia kuwapeleka wageni kumwona, na wanamlinda.

“Ndege wa porini wanaleta homa, wauawe”

Januari 2017 mafua ya ndege aina ya H5N8 yalithibitishwa kwa ndege wa porini waliokufa kandokando ya Ziwa Viktoria, wengi wao buabua wanaohamia hapa kutoka kaskazini na kukusanyika kwa makundi makubwa Ghuba ya Lutembe. Wako waliotaka makundi hayo yashambuliwe. Hilo lingewatawanya wagonjwa kila upande, mpaka kwenye kuku wa vijiji vya mbali.

Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwashike, usiwale, na watoto na kuku wasifike hapo. Mpigie afisa mifugo wa wilaya. Na kama mmoja ana pete mguuni, ipige picha bila kumgusa, namba isomeke, andika mahali na tarehe, kisha mpe afisa huyo taarifa zote pamoja.