Kingamwili ya SDHB: kipimo ambacho kukosa rangi ndiko kunakozua maswali

Tumezoea kusoma majibu ya maabara kwa mtindo mmoja: kikionekana kitu kuna tatizo, kisipoonekana mtu anashusha pumzi na kurudi nyumbani. Kipimo cha kingamwili ya SDHB, yaani protini inayoshikana na sehemu B ya kimeng'enya kiitwacho SDH ili rangi ionyeshe kama kimo ndani ya uvimbe, hakisomwi hivyo. Kipande cha uvimbe kikishika rangi ya kahawia, kimeng'enya tunachokitafuta kipo mahali pake. Kisiposhika, ndipo daktari atakapomwita mgonjwa wakae chini, na huenda akauliza pia habari za wazazi na ndugu zake. Ndiyo maana ripoti inayosema "SDHB hasi" huwapa watu faraja isiyostahili, na ndiyo maana maabara haina ruhusa ya kuandika "hasi" kabla haijathibitisha kwamba kingamwili yenyewe ilifanya kazi siku hiyo, juu ya kioo hichohicho.

Kimeng'enya kinachozungumziwa kinaitwa suksineti dehaidrojenesi, kwa kifupi SDH. Makazi yake ni kwenye utando wa ndani wa mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyogeuza chakula kuwa nishati. Hapo hubadilisha suksineti kuwa fumareti katika mzunguko wa Krebs, mfululizo wa hatua za kuvunja chakula, na elektroni zinazotoka huziingiza moja kwa moja kwenye mnyororo wa upumuaji. Hakuna kimeng'enya kingine kinachoshiriki katika njia zote mbili. Kimejengwa kwa sehemu nne, A, B, C na D (SDHA, SDHB, SDHC na SDHD), na jeni za zote nne zimo ndani ya kiini cha seli, si kwenye DNA ya mitokondria. Kwa hiyo hurithiwa kutoka kwa baba na kwa mama, jambo tutakalolirudia.

Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya SDHD husababisha paraganglioma za kurithi, yaani uvimbe unaoota kwenye tishu za mfumo wa neva, hasa shingoni na kandokando ya uti wa mgongo. Mwaka uliofuata SDHB nayo ikaingia kwenye orodha. Uvimbe wa aina hiyo ukiota ndani ya tezi iliyo juu ya figo huitwa feokromositoma. Kinachotokea ni kwamba kimeng'enya kikiharibika, suksineti hurundikana na kuzuia vimeng'enya vingine ambavyo kazi yao ni kuiondoa protini iitwayo HIF. HIF ikibaki, seli hujiendesha kana kwamba imekosa oksijeni ilhali oksijeni ipo: inaita mishipa mipya ya damu na kuchochea ukuaji.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa jeni iliyoharibika ni ya sehemu C au D, kwa nini tupime B? Kwa sababu sehemu hizi zinategemeana kama mafiga. Moja liking'oka, chungu hakikai. Sehemu yoyote ikikosekana, muundo mzima hulegea na SDHB huvunjwavunjwa na seli yenyewe. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba kingamwili moja dhidi ya SDHB inaweza kugundua uvimbe wenye hitilafu ya SDHB, SDHC au SDHD bila kusoma jeni hata moja. SDHA ina tabia yake. Kwa kawaida hubaki hata wenzake wakiharibika, na hupotea pale jeni yake yenyewe ndiyo iliyoguswa. Kingamwili zote mbili, ya SDHA na ya SDHB, zikikosa rangi, basi macho yote huelekea kwenye jeni ya SDHA.

Kazi yenyewe mezani iko hivi. Tishu iliyohifadhiwa kwenye fomalini na kugandishwa ndani ya nta hukatwa kipande chembamba cha takriban mikromita 4, kikabandikwa kwenye kioo. Fomalini hufunganisha protini, kwa hiyo kipande huchemshwa ndani ya bafa, kimiminika kinachodhibiti asidi, ili zifunguke na kingamwili ipate pa kushika. Hidrojeni peroksaidi huzima peroksidesi, vimeng'enya vya asili vya tishu, zisije zikatoa rangi zisizohusika. Kisha kingamwili ya SDHB huwekwa, ziada huoshwa, na kingamwili ya pili iliyobeba peroksidesi huifuata. Kemikali iitwayo DAB inapokutana na peroksidesi hiyo hugeuka kahawia. Mwisho viini hupakwa rangi ya buluu.

Chini ya hadubini, jibu zuri halionekani kama doa lililosambaa. Huonekana kama punje, kahawia ya chengachenga inayozunguka kiini, kwa sababu mitokondria nazo zimetawanyika hivyo. Mwanapatholojia, daktari anayesoma tishu, akiwa mzoefu haanzi na seli za uvimbe. Anatafuta kwanza mishipa midogo ya damu inayopita katikati yake. Seli zinazoitandaza mishipa hiyo si za uvimbe. SDH yake ni nzima, nazo lazima ziwe na punje. Mishipa ikiwa na punje huku seli za uvimbe zikiwa tupu, hiyo ndiyo hasi ya kweli. Mishipa nayo ikiwa tupu, hakuna jibu lolote hapo: pengine tishu ilichelewa kufika kwenye fomalini, pengine uchemshaji haukutosha. Kipimo kinarudiwa. Kuna pia hali ya katikati, rangi hafifu iliyosambaa bila punje, ambayo hupatikana hasa kwenye hitilafu ya SDHD, na asiye makini anaweza kuiita chanya.

Mtego ninaouona kuwa mbaya kuliko yote ni wa bayotini, aina ya vitamini B. Mbinu za zamani za kukuza rangi zilitegemea bayotini kushikana na protini iitwayo avidini. Lakini mitokondria zina vimeng'enya vyao vinavyobeba bayotini, kimojawapo kikiwa piruveti kaboksilesi. Ini na figo zimejaa bayotini hiyo. Avidini ikiikuta, hutoa rangi ya punje palepale kwenye mitokondria, yaani kosa linavaa sura ileile ya jibu sahihi! Ndiyo maana maabara nyingi zimehamia kwenye mbinu za polima zisizotumia bayotini kabisa. Kioo cha pili kilichopitishwa hatua zote bila kingamwili ya kwanza hufichua udanganyifu huo haraka, na hakuna sababu ya kukiruka.

Kingamwili yenyewe nayo ihojiwe. Jina lililo kwenye kibandiko cha chupa halitoshi. Uthibitisho wenye nguvu ni kuijaribu kwenye seli ambazo jeni ya SDHB imeondolewa kwa makusudi. Ikitoa rangi huko, inashika kitu kingine. SDHB hutengenezwa nje ya mitokondria ikiwa na asidi amino 280, kisha kipande chake cha mbele hukatwa ikishaingia ndani. Kingamwili iliyolenga kipande kinachokatwa haitaiona protini iliyokomaa. Na chupa iliyoandikwa kuwa ni ya utafiti pekee isitumike kutoa majibu ya mgonjwa mpaka maabara iwe imeithibitisha kwa kazi hiyo.

Kwa mgonjwa, SDHB hasi maana yake si kwamba saratani imesambaa. Inamaanisha kimeng'enya kimepotea ndani ya uvimbe, na hatua inayofuata ni kipimo cha jeni kwa damu pamoja na ushauri wa mtaalamu wa jeni. Si kila hasi ni ya kurithi: kwenye baadhi ya uvimbe wa ukuta wa tumbo la chakula uitwao GIST, jeni ya SDHC huwa nzima ila imezimwa. Chanya nayo haifungi mjadala, kwani paraganglioma na feokromositoma za kurithi hutokana pia na jeni nyingine kama VHL, RET na NF1.

Hitilafu ikithibitishwa kwenye damu, ndugu wa karibu hupimwa hitilafu hiyohiyo tu, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kwa SDHD kuna la ziada la kumweleza daktari: ilitoka upande gani. Aliyeirithi kwa baba ndiye aliye hatarini kuota uvimbe. Aliyeirithi kwa mama ni nadra sana kuugua, ingawa naye anaweza kuipitisha kwa watoto wake.