Barua Imeandika "Maslahi", Lakini Hicho Sicho Alichokimbia: Dhana Potofu Kuhusu Wataalamu wa TEHAMA

Mwezi uliopita, katika ofisi ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha, mkurugenzi alinisukumia barua ya kuacha kazi ya mtaalamu wake wa tatu wa mifumo ndani ya miaka miwili, akasema kabla sijaketi vizuri: "Dada, umeona mwenyewe. Hawa vijana tatizo lao ni fedha tu, na Dar es Salaam sitawaweza." Sentensi hiyo nimeisikia Njiro, nimeisikia Themi na nimeisikia Moshi, kwa wenye hoteli, kwa wakuu wa SACCOS na kwa wamiliki wa kampuni za programu, kiasi kwamba siku hizi naweza kuimalizia kabla mwenye nayo hajafika nukta.

Dhana: Wanaondoka kwa sababu ya mshahara

Ushahidi unaotolewa siku zote ni barua yenyewe, kwa kuwa imeandikwa "nimepata nafasi yenye maslahi zaidi". Ukweli ni kwamba maslahi ndiyo sababu pekee ambayo mfanyakazi anaweza kuiandika bila kumvunjia mtu heshima. Mji wetu ni mdogo. Kijana anayeondoka anajua kwamba atahitaji jina lako kwenye wasifu wake, kwamba mtakutana kwenye harusi na misiba, na kwamba shangazi yake huenda anasali jumuiya moja na mama yako, hivyo hawezi kukuandikia kwamba amechoshwa na namna unavyomwendesha. Ukimwita kwenye mahojiano ya kuondoka, na anayemhoji ni shemeji yako aliyekabidhiwa rasilimali watu, atarudia maneno yaleyale ya barua, atashukuru kwa fursa aliyopewa na kuomba baraka.

Nilimtafuta kijana wa barua hiyo baada ya notisi yake kwisha, na mazungumzo yakawa tofauti kabisa. Mfumo wa kuhifadhi nafasi za wageni ulikuwa mikononi mwake peke yake. Msimu wa Juni hadi Oktoba, mteja wa California anapoketi saa kumi na moja jioni kuchagua safari yake, hapa ni saa tisa usiku, na malipo yakikwama ni simu ya kijana huyo inayolia. Saa mbili asubuhi alitakiwa awe mezani kama wengine, bila malipo ya ziada na bila mapumziko ya kufidia usingizi, na akichelewa alikatiwa posho. Maagizo ya kazi yalikuja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mabosi watatu, kila agizo likiwa la haraka kuliko jingine. Kompyuta mpakato aliyopewa ilichukua dakika nzima kufungua programu aliyoitumia siku nzima, na katikati ya hayo yote aliitwa kutoa karatasi zilizokwama kwenye printa ya mapokezi.

Ni kweli kwamba mshahara mpya ni mkubwa zaidi, na ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya nyongeza inaishia kwenye kodi ya nyumba na nauli za Dar es Salaam. Lakini jambo ambalo mkurugenzi hakulijua ni kwamba kijana huyo alipata ofa inayofanana na hiyo mwaka mmoja kabla, akaikataa. Swali la maana kwa mwajiri, basi, ni nini kilichotokea kati ya ofa ya kwanza na ya pili, na hilo halipo kwenye karatasi ya mishahara.

Sidai kwamba fedha haina uzito. Ukimlipa mtu chini ya kiwango kinachomwezesha kuishi, ushauri wangu wote hauna kazi, na mwajiri wa hapa hawezi kushindana kwa dola na kampuni ya nje inayoajiri watu kwa mbali. Frederick Herzberg na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani, waliuweka mshahara miongoni mwa mambo ambayo yakipungua huleta manung'uniko, ila yakiwapo hayatoshi kumfanya mtu aipende kazi. Mambo yaliyoleta ari yalikuwa mengine: kukamilisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana, na kazi yenyewe kuwa na maana. Mtaalamu anayekatizwa mara kumi kwa siku hakamilishi kitu chochote.

Kuhusu simu za usiku sina subira, kwa sababu hapo hatuzungumzii hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hufanyika kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza yake isiyopungua asilimia 5. Wapo waajiri wanaojaribu kukwepa kwa kumpa kijana cheo cha "meneja wa mifumo". Masharti hayo ya saa hayamgusi anayesimamia wafanyakazi wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu; meneja anayesimamia seva na printa hayumo katika kundi hilo.

Kosa linalofuata ni kumwongezea mshahara mtu aliyekwisha kuleta barua. Simu zitaendelea kulia saa tisa usiku, naye ataondoka baadaye kidogo, huku wenzake wakiwa wamejifunza kwamba katika ofisi hiyo nyongeza hupatikana kwa kutishia kuacha kazi.

Ninachowashauri wateja wangu, na wengine wamenichoka kwa hilo, ni daftari. Kwa wiki nne, kila mtaalamu aandike kila kilichomsimamisha kazi na kwa muda gani: umeme ulikatika na jenereta haina mafuta, alisubiri siku tatu kupewa nenosiri, aliitwa kikao kisichomhusu, agizo lilibadilishwa baada ya kazi kwisha. Daftari lisomwe na mwenye kampuni mwenyewe, si msimamizi wa karibu ambaye huenda ndiye aliyeandikwa humo mara nyingi kuliko umeme. Baada ya hapo maagizo yote yapitie kwa mtu mmoja anayepanga kipi kitangulie, mtu wa pili afundishwe mfumo ili zamu za usiku zigawanywe, na aliyeamshwa usiku aanze kazi mchana bila kuomba ruhusa. Gharama yake, katika ofisi nyingi nilizoziona, ni ndogo kuliko ya kuajiri na kumzoesha mgeni.

Dhana: Ukiwasomesha, unawasomeshea wengine

Ninaowaona wakiondoka baada ya mafunzo ni wale waliorudi na kukuta hawaruhusiwi kuyatumia. Umempeleka mtu kujifunza usalama wa mifumo, kisha anaporudi unamwambia nywila moja ya ofisi nzima haibadilishwi kwa sababu mhasibu ameizoea. Mkataba wa kumfunga arudishe gharama humfanya ahesabu miezi iliyobaki, basi.

Dhana: Wapelekwe Ziwa Duluti, wale nyama choma, watatulia

Mandhari ni nzuri na nyama ni nzuri. Jumatatu kompyuta ni ileile.

Dhana: Akifanyia kazi nyumbani atalala

Mwajiri anayesema hivi nikimwuliza mtu wake alikamilisha nini wiki iliyopita akiwa ofisini, mara nyingi hana jibu. Kama kipimo ni kumwona kitini, basi hajui kinachofanyika popote. Hoja ya haki ni umeme na intaneti ya nyumbani, na hiyo hutatuliwa kwa betri na bando, si kwa kumkataza.

Dhana: Mabinti huacha kazi wakijifungua

Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaponyonyesha anastahili hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Wale niliozungumza nao walioacha, waliacha baada ya kurudi, pale saa hizo mbili zilipogeuzwa kuwa mzaha wa ofisi na mradi waliouanzisha kukabidhiwa mwingine moja kwa moja bila kuulizwa.

Mkurugenzi wa barua ile ameniomba nimwandikie tangazo la nafasi iliyo wazi. Rasimu yake inataka mtu "anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Nimeufuta mstari huo na kumwuliza zamu za usiku atazigawana na nani. Bado nasubiri jibu.