Mshono wa kinywani na jinsi kidonda kinavyopona

Mshono wa kinywani ni uzi anaopitisha daktari wa meno kwenye ufizi ili kingo za jeraha zikae pamoja baada ya upasuaji. Si kila jino linalong'olewa hushonwa. Hushonwa zaidi pale ufizi ulipokatwa na kufunuliwa, kama kwa gego la mwisho lililojificha ndani ya taya. Uzi wenyewe hauponyi: unashikilia nyama na kulikinga donge la damu lililojaa kwenye shimo la jino, na ni juu ya donge hilo nyama mpya hujengeka.

Nyuzi ni za aina mbili. Zipo zinazoyeyuka zenyewe: zile za utumbo wa mnyama hulegea na kudondoka ndani ya siku chache hadi wiki moja na nusu hivi, na baadhi ya zile za kutengenezwa kiwandani hukaa wiki tatu au nne. Nyingine, kama hariri na nailoni, haziyeyuki. Daktari huzitoa kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10. Hariri ni laini kwa ulimi, lakini imesukwa, hivyo hunyonya mate na vijidudu. Ikiachwa kupita muda wake, ufizi huizunguka kwa wekundu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kliniki, uliza umeshonwa kwa uzi gani.

Siku ya kwanza uma gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufyonza damu kinachowekwa juu ya kidonda, kwa nguvu ya wastani dakika 30 hadi 45, bila kuichungulia kila mara. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija wala usivute sigara, kwa sababu mvutano huling'oa donge. Kesho yake anza kusukutua polepole kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, hasa baada ya kula. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida, ila usiguse mshono.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Utando mweupe au wa manjano juu ya kidonda huwatisha wengi wakidhani ni usaha. Mara nyingi ni sehemu ya uponaji, na kuukwangua ni kujirudisha nyuma. Ufizi huziba shimo kwa wiki 3 hadi 4 hivi, lakini mfupa wa chini yake huchukua miezi kujaa.

Maumivu yanayopungua kisha yakapanda ghafla kati ya siku ya 2 na ya 4, yakielekea sikioni na kuambatana na harufu mbaya, mara nyingi ni dalili kwamba donge limetoka na mfupa umebaki wazi. Wavutaji sigara hupatwa zaidi. Antibayotiki pekee hazitulizi hali hii. Daktari husafisha shimo na kuweka dawa ndani yake.

Uzi ukilegea mapema, usiuvute. Kama kidonda hakijafunguka wala kutoa damu, mpigie daktari tu. Ila damu isiyokoma baada ya kuuma gozi nusu saa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, homa, au shida ya kumeza na kufungua kinywa, usisubiri miadi. Ukipata shida ya kupumua, kimbilia hospitali mara moja.